Muumba anayekua: shajara ya kijitabu cha falsafa ya mchakato

12 Januari

Kazi imeanza. Ninaandika kijitabu cha Kiswahili, kurasa zisizozidi 120, kuhusu falsafa ya mchakato. Namwandikia mtu ambaye hajawahi kukaa darasa la falsafa, lakini amekaa miaka mingi msikitini, kanisani au barazani akisikiliza habari za Mungu na kuzijadili. Mtu huyo ana maswali makubwa kuliko anavyodhaniwa, na vitabu vinavyoyashughulikia kwa lugha yake ni vichache mno.

Hoja yenyewe inaelezeka. Tumezoea kuuona ulimwengu kama mkusanyiko wa vitu vinavyodumu, ambavyo mara kwa mara hupatwa na mabadiliko. Falsafa ya mchakato inageuza mpangilio huo. Kinachotangulia ni tukio. Kila tukio hupokea yaliyopita, huyaunganisha kwa namna yake, huongeza jambo ambalo halikuwapo, kisha hupita na kuyaachia matukio mengine urithi wake. Jiwe, mti na mtu ni misururu mirefu ya matukio ya namna hiyo. Muumba naye hakai nje ya mwendo huo. Kila kinachotokea kinamfikia, anakipokea, na kwa kukipokea anakuwa na kitu ambacho jana hakuwa nacho.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayowashtua watu. Naandika kwa sababu naiamini, na kwa sababu mshtuko wenyewe unastahili kujibiwa kwa heshima.

Nimepata wasomaji watatu wa rasimu hapa Tanga: Ustadh wa madrasa ya mtaa wa pili, Mwalimu, mstaafu wa hisabati ambaye ni mzee wa kanisa la Kilutheri, na Sista, muuguzi aliyefanya kazi wodi ya wazazi kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Majina yao nayaacha nje ya shajara hii.

20 Januari

Sura ya kwanza ni ya Alfred North Whitehead. Nilifikiria kuanza na mawazo moja kwa moja, lakini huyu mtu ana maisha yanayofungua mlango wa mawazo yake, kwa hiyo nimempa kurasa sita.

Alizaliwa Ramsgate, kusini-mashariki mwa Uingereza, mwaka 1861. Alikuwa mwanahisabati. Pamoja na mwanafunzi wake wa zamani Bertrand Russell aliandika juzuu tatu za Principia Mathematica, zilizotoka kati ya 1910 na 1913, kazi iliyotaka kuonyesha kwamba hisabati yote inaweza kusimama juu ya mantiki. Mwaka 1924, akiwa na miaka 63, umri ambao wengi wanahesabu siku za pensheni, alivuka Atlantiki kwenda Harvard kufundisha falsafa. Miaka minne baadaye alikuwa Edinburgh kutoa mihadhara ya Gifford, ile inayotolewa katika vyuo vikuu vya Uskoti kuhusu Mungu na maumbile. Wasikilizaji walipungua sana baada ya siku ya kwanza, maana hakuna aliyekuwa ametayarishwa kwa lugha ile. Mwaka 1929 mihadhara hiyo ikatoka kama kitabu, Process and Reality, kikiwa kimejaa makosa ya uchapaji. Toleo lililosahihishwa halikupatikana mpaka 1978, kwa kazi ya David Ray Griffin na Donald Sherburne. Ndilo ninalotumia.

Kuna kanuni moja ya Whitehead ambayo nimeamua kuiweka ukurasa wa kwanza kabisa wa sura, kabla hata ya tarehe yake ya kuzaliwa. Anasema Mungu asichukuliwe kuwa kighairi cha kanuni zote za uhalisi, anayeitwa ili kuziokoa zinapoanguka. Awe ndiye mfano wake mkuu. Msomaji akiikamata hiyo, mengine yote yanafuata. Ikiwa kuwapo ni kupokea na kutoa, basi Aliyepo kuliko wote anapokea kuliko wote na kutoa kuliko wote. Mwanafalsafa wa kawaida angeishia kusema kanuni hizo ni za viumbe tu. Whitehead hakukubali kujiokoa kwa njia hiyo, na mimi namheshimu sana kwa hilo.

2 Februari

Nimemaliza rasimu ya sura ya pili, ya pande mbili za Mungu. Nilimpelekea Mwalimu kwanza, kwa sababu mtu wa hisabati huona haraka mahali ambapo hoja imeruka hatua.

Whitehead anautofautisha upande wa awali na upande unaofuatia. Upande wa awali ni maono ya Mungu juu ya yote yanayowezekana: kila rangi, kila umbo, kila uzuri ambao ulimwengu ungeweza kuufikia. Huo haubadiliki. Upande unaofuatia ni Mungu akiupokea ulimwengu kama ulivyotokea kweli. Huo hauishi kuongezeka, kwa kuwa ulimwengu hauishi kutokea. Ndiyo maana kurasa za mwisho za kitabu chake zina ule mfululizo wa kauli za jozi: ni kweli kusema Mungu anadumu na ulimwengu unapita, na ni kweli vilevile kusema ulimwengu unadumu na Mungu anapita, ni kweli kusema Mungu anauumba ulimwengu, na ni kweli vilevile kusema ulimwengu unamuumba Mungu.

Mwalimu alirudi na Biblia mkononi. “Mwanangu, Malaki 3:6 inasema, ‘mimi, BWANA, sina kigeugeu.’ Umeiweka wapi?”

Nikamwomba afungue na Mwanzo 6:6, ambapo BWANA anaghairi kwa kuwa amemfanya mwanadamu duniani, na anahuzunika moyo. Tukazisoma zote mbili kwa sauti. Tukakubaliana kwamba Malaki anazungumzia uaminifu: wana wa Yakobo hawakuangamizwa kwa sababu Mungu hakuvunja neno lake. Tabia yake ndiyo isiyobadilika. Na ni kwa sababu tabia hiyo haibadiliki ndipo anapohuzunika wanadamu wanapoharibikiwa; asiyejali ndiye ambaye moyo wake ungebaki palepale.

Hapo ndipo Charles Hartshorne anapoingia. Alikuwa msaidizi wa Whitehead pale Harvard miaka ya 1920, kisha akafundisha Chicago, Emory na Austin, akafariki mwaka 2000 akiwa na miaka 103. Hoja yake Mwalimu aliipenda kwa sababu inafanana na uthibitisho wa hisabati. Mwenye ujuzi kamili anajua kila kitu kama kilivyo: kilichopo anakijua kama kipo, kinachowezekana anakijua kama kinawezekana. Mtoto atakayezaliwa mwaka ujao leo ni uwezekano tu. Akijulikana leo kama mtu aliyekwisha kuwapo, hayo yatakuwa makosa, na mjuzi kamili hakosei. Siku atakayozaliwa, ujuzi wa Mungu utakuwa na mtu mmoja zaidi. Kwa hiyo ujuzi ukiwa kamili katika ulimwengu ambao mapya yanatokea kweli, lazima ukue. Hartshorne akahitimisha kwamba mkamilifu ni yule asiyeweza kuzidiwa na mwingine yeyote, ila anaweza kujizidi mwenyewe.

Mwalimu alinyamaza, akaichora hoja kwenye karatasi kwa alama zake, akasema pengo haoni isipokuwa kwenye dhana ya kwanza: kwamba wakati ni wa kweli hata kwa Mungu. Ni kweli, mzigo wote umelala hapo. Nimeongeza kurasa mbili kuhusu dhana hiyo.

9 Februari

Sura ya pili ilikuwa bado kavu. Nimeipa mfano mmoja tu, na nitaubeba kitabu kizima: malumbano ya washairi, kama yale ya karne ya 19 kati ya Muyaka wa Mombasa na washairi wa Lamu.

Mshairi anayeanzisha ana bahari ya lugha, ana vina na mizani, na ana jambo analotaka mwenzake alifikie. Hawezi kumshika mwenzake mkono aandike. Akitoa beti zake anafungua nafasi. Anayejibu anaijaza kwa hiari yake, pengine vizuri kuliko alivyotarajiwa, pengine kwa matusi. Beti zinazofuata za yule wa kwanza lazima zitokane na jibu alilopewa. Ufundi wake haukupungua kwa kuwa alijibiwa. Kanuni zake hazikubadilika. Lakini diwani yake sasa ina mashairi ambayo asingeweza kuyatunga akiwa peke yake chumbani.

Whitehead mwenyewe anamwita Mungu mshairi wa ulimwengu, anayeuongoza kwa subira ya upole kwa maono yake ya ukweli, uzuri na wema. Mfano wangu unamfuata hapo, ila unapungua sehemu moja: washairi wawili ni watu wa daraja moja, na Mungu hana wa daraja lake. Nimeliandika hilo wazi chini ya mfano, msomaji asije akaubeba mbali kuliko unavyofika.

23 Februari

Ustadh amesoma sura mbili za mwanzo. Hii ndiyo siku niliyoingoja, na kikao kilichukua kuanzia baada ya Alasiri mpaka adhana ya Magharibi.

“Ndugu yangu,” alianza, “mimi sina ugomvi na matukio. Ugomvi wangu ni huyu Muumba wako anayehitaji. Mwenyezi Mungu ni Al-Ghaniyy. Aal Imran aya ya 97 inatwambia si mhitaji wa walimwengu. Ukisema anaongezeka, umesema alipungukiwa.”

Hilo ndilo pingamizi lenye nguvu kuliko yote, na si la Waislamu peke yao. Aristotle alimfikiria Mungu kama asiyetikiswa, anayejifikiri mwenyewe tu. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alisema uhusiano kati ya Mungu na viumbe ni wa kweli upande wa viumbe, na upande wa Mungu si wa kweli. Alitoa mfano wa nguzo: mnyama akihamia upande mwingine, nguzo iliyokuwa kuliani kwake inakuwa kushotoni, nayo haikupata lolote jipya. Nguzo hiyo imesimama katikati ya elimu ya Mungu ya dini zetu zote kwa karne nyingi. Ustadh anailinda kwa jina la utukufu, na nia yake naielewa kabisa.

Jibu langu nililichukua kwa Muhammad Iqbal, mshairi na mwanafalsafa wa Kiislamu. Mzaliwa huyu wa Sialkot alisoma Trinity College, Cambridge, kuanzia 1905, wakati Whitehead bado anafundisha hisabati chuoni hapohapo. Baadaye alitoa mihadhara yake kuhusu kuijenga upya fikra ya dini katika Uislamu huko Madras, Hyderabad na Aligarh. Sita ilichapishwa Lahore mwaka 1930, na ya saba ikaongezwa katika toleo la Oxford la 1934. Amewasoma Bergson, mwanafalsafa wa Ufaransa, na Whitehead kwa makini, lakini anarudi kila mara kwenye Qur’ani. Sura ya Fatir, aya ya kwanza: huongeza katika uumbaji apendavyo. Sura ya Ar-Rahman, aya ya 29: kila siku Yeye yumo katika mambo.

Na kuhusu upungufu Iqbal ana jibu ambalo Ustadh aliniomba nilisome mara mbili. “Bado” ya mwanadamu, anasema, ina maana ya kutafuta, na mara nyingine kushindwa. “Bado” ya Mungu ina maana ya kutimiza bila kukosea uwezo usio na mwisho wa kuumba uliomo katika dhati yake, naye akibaki mzima kamili katika mwendo wote. Yaani kuna mabadiliko ya kutoka upungufu kwenda ukamilifu, na hayo hayamhusu Mungu. Na kuna mabadiliko ambayo ni ukamilifu wenyewe ukitenda kazi. Asiyeweza kufanya jipya ndiye maskini.

Ustadh alitafakari. Kisha akalileta suala la kadari. Iqbal anasema mambo yajayo yamo katika Mungu kama uwezekano ulio wazi, hayakupangwa foleni yakisubiri zamu ya kutokea. Ustadh alisema hapo hawezi kumfuata, na alinipa sababu zake kutoka kwenye akida, ambazo nimeziandika kwa maneno yake na zitaingia kwenye kijitabu jinsi zilivyo. Sitaki kijitabu ambacho wapinzani wake wote wanashindwa.

Kitu kingine kilichotoka kwenye kikao hicho ni Waash’ari. Wanakalamu hao, yaani wanazuoni wa Kiislamu walioijadili imani kwa hoja, walifundisha kwamba sifa za vitu hazidumu nyakati mbili mfululizo; Mwenyezi Mungu huziumba upya kila mara, na ulimwengu unaoonekana umetulia ni uumbaji usiokatika. Iqbal aliona katika fundisho hilo uasi wa kwanza mkubwa dhidi ya ulimwengu wa Aristotle uliosimama. Ukiliweka kando ya matukio ya Whitehead, ukaribu unashangaza. Tofauti iko kwenye mchango wa kiumbe: kwa Whitehead kila tukio lina sehemu ndogo ya uamuzi ambayo ni yake mwenyewe na hata Mungu haichukui. Ustadh alinikumbusha kwamba Waash’ari nao wana fundisho la kasb, kwamba mja huchuma tendo lake ingawa Mungu ndiye muumba wa tendo hilo. Nimempa aandike ukurasa huo yeye mwenyewe. Amekubali.

8 Machi

Sura ya tatu, ya waliotangulia na waliopita kando, nimeipunguza iwe fupi.

Henri Bergson anabaki kwa sababu ya kitabu chake cha 1907 kuhusu mageuzi yanayoumba. Bila yeye kuutetea wakati kama kitu halisi kinacholeta mapya, pengo ambalo Mwalimu aliliona lisingekuwa na mtu wa kuliziba. Samuel Alexander, mzaliwa wa Sydney aliyefundisha Manchester, nampa kurasa mbili. Alitoa mihadhara ya Gifford huko Glasgow wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1920 akachapisha Space, Time and Deity. Kwake yeye ulimwengu unapanda ngazi: maada, uhai, akili, na mbele ya akili kuna uungu ambao bado haujafikiwa. Ni wazo la kusisimua, lakini linamweka Mungu mwisho wa safari na kutuacha sisi katikati bila wa kutupokea. Kama uungu ni hatua inayokuja tu, yaliyotokea jana yameangukia mikononi mwa nani?

Lazima pia niweke jambo moja wazi ambalo waandishi wengi wanalipitia haraka. Kwa Whitehead, kilicho cha mwisho kabisa ni uumbaji wenyewe, nguvu ile ambayo kwayo wengi wanakuwa mmoja, na kwa huyo mmoja wanaongezeka. Mungu ni wa kwanza kuidhihirisha, hakuitengeneza. Hartshorne anakaribia zaidi lugha ya Muumba kama tunavyoizoea. Jina la kijitabu changu, kwa hiyo, linamhusu Hartshorne na Iqbal kuliko linavyomhusu Whitehead. Nimelibakiza, na sababu iko kwenye utangulizi.

Pembeni kidogo: Hartshorne alikuwa pia mtaalamu wa nyimbo za ndege. Mwaka 1973 alitoa kitabu kizima juu yake. Aliona kwamba ndege wanaoimba mfululizo bila kupumzika huwa na nyimbo zenye mabadiliko mengi, na wale wanaorudia wimbo uleule huweka vituo virefu kati ya mara moja na nyingine. Akadai kwamba ndege naye huchoshwa na marudio. Mtu aliyeamini kwamba Mungu anafurahia kila jipya linalozaliwa duniani alikwenda porini na kulisikiliza. Nimemwekea nusu ukurasa na siitoi, hata mhariri akidai nafasi.

22 Machi

Sura ya nne ni ya John Mbiti, na hii inatuhusu kwa karibu. Mzaliwa huyu wa Kitui alifundisha Makerere miaka ya 1960 na 1970. Katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika aliueleza wakati kwa maneno mawili ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Sasa ni eneo la wakati linaloishi, lenye yale yanayotokea na yaliyotokea juzi. Zamani ni bahari ambamo matukio huzama. Wakati wenyewe unakwenda nyuma: tukio linatoka Sasa na kuingia Zamani.

Dai lake kwamba Mwafrika wa jadi hana wakati ujao wa mbali lilipingwa, na Kwame Gyekye wa Ghana ni miongoni mwa waliolipinga kwa nguvu. Nami naona walikuwa na haki. Lakini sikumleta Mbiti kwa ajili ya dai hilo. Nimemleta kwa ajili ya wafu-hai wake.

Mtu akifa, anasema Mbiti, anaendelea kuwa katika Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Anatambikiwa, anasalimiwa, anaulizwa shauri. Siku anapokufa wa mwisho aliyemjua, ndipo anapozama Zamani. Whitehead naye anafundisha kwamba kila tukio hupita, na uhai wake baada ya kupita uko kwa wale wanaolipokea. Hapa wanakubaliana: kuishi baada ya kufa ni kupokelewa. Wanapoachana ni kwenye kumbukumbu ya mwisho. Binadamu wanaokumbuka huisha. Kwa Whitehead yupo mmoja ambaye hafi na hasahau, kwa hiyo hakuna jina linalozama. Nilipoliandika hilo niliona kwamba kijitabu chote kilikuwa kinakuja hapa. Anayeuliza kama Mungu anabadilika, chini ya swali lake kuna lingine: je, niliyoyaishi yalimfikia mtu?

6 Aprili

Nimeandika upya sura ya tano, ya uwezo na mateso, na sasa inaanza na ukurasa mmoja wa karatasi.

Mwaka 1919 Whitehead alichapisha kitabu kuhusu misingi ya ujuzi wa maumbile. Ni kitabu kigumu, cha fizikia na jiometri. Lakini ukurasa wa kutabaruku unamtaja mwanawe, Eric Alfred Whitehead, wa kikosi cha anga cha Uingereza, aliyezaliwa 27 Novemba 1898 na kuuawa 13 Machi 1918 juu ya msitu mmoja wa Ufaransa. Alikuwa na miaka 19. Baba anaandika kwamba mwanawe alijitoa ili mji wa maono yake usipotee, na kwamba muziki wa maisha yake haukuwa na mfarakano. Baada ya hapo zinaanza fomula.

Sidai kwamba msiba huo ndio uliozaa falsafa yake. Naweka tu ukurasa huo kando ya ukurasa mwingine, ulioandikwa miaka kumi hivi baadaye, unaosema kwamba sura inayomfaa Mungu ni ya uangalizi mpole ambao hautaki chochote kipotee, na wa hekima inayotumia hata kile ambacho duniani ni mabaki ya ajali. Kisha inakuja ile kauli inayojulikana kuliko zote: Mungu ni mwenza mkuu, anayeteseka pamoja nasi na kuelewa.

Katika kurasa hizohizo Whitehead analilaumu Kanisa kwa kumpa Mungu sifa zilizokuwa za Kaisari peke yake. Amri, ushindi, kutoguswa. Uwezo anaouona yeye kwa Mungu ni wa kuvuta, unaofanya kazi polepole na kwa utulivu kwa njia ya upendo. Mungu wa namna hiyo hakuituma risasi iliyomwangusha Eric, na hakuwa na mkono wa kuizuia hewani. Alikuwa na kila tukio katika uwanja ule akilionyesha jambo bora lililowezekana, na matukio mengi yalikataa.

Mwalimu anaona sura hii inampunguzia Mungu uwezo kuliko Biblia inavyoruhusu. Tumeshindana vya kutosha. Mimi naona kwamba uwezo wa kulazimisha ni uwezo mdogo. Askari yeyote anao. Kumfanya mwingine atake jambo jema kwa hiari yake ni kazi nzito kuliko kumsukuma. Mwalimu hajakubali, na ameandika nusu ukurasa wa kupinga, ambao nao unaingia.

19 Aprili

Sista amesoma sura ya tano. Nilikuwa nimemwachia ya mwisho kwa makusudi, kwa sababu yeye amekaa na akina mama usiku ambao mtoto hakulia.

Hakuuliza kama Mungu ana uwezo. Aliuliza hivi: “Sawa, kaka, anapokea. Kilio cha yule mama anakipokea, na hakipotei. Nimekuelewa. Sasa yule mama anapata nini? Maana umenieleza vizuri anachopata Mungu.”

Ni swali la haki kabisa, na sura kama ilivyo haikulijibu. Jibu lipo kwa Whitehead, katika sehemu ya mwisho kabisa ya kitabu, na wafafanuzi wengi huifikia wakiwa wamechoka. Anahesabu hatua nne ambazo ulimwengu hutimia kwazo. Ya kwanza ni Mungu akiona yanayowezekana. Ya pili ni matukio yakitokea duniani, kila moja kwa uamuzi wake. Ya tatu ni yote hayo yakipokelewa na kuunganishwa ndani ya Mungu bila kupoteza hata moja. Ya nne ni kurudi. Kilichotendwa duniani kinageuzwa kuwa uhalisi wa mbinguni, na uhalisi huo wa mbinguni unarejea duniani. Upendo wa duniani unapanda mbinguni, kisha unafurika tena ulimwenguni. Mungu aliyempokea mtoto yule na kilio cha mama yake ndiye huyohuyo anayekutana na mama yule kesho yake asubuhi, na anakutana naye akiwa tayari ameguswa na kilio hicho. Anachomwonyesha siku hiyo, hatua ndogo inayowezekana kwake yeye na si kwa mwingine, kinatokana na kumjua kwa namna ambayo juzi haikuwapo. Muumba asiyebadilika angekutana na mama huyo akiwa vilevile alivyokuwa kabla ya mimba.

Nilimweleza Sista hivyo. Akasema sehemu ya kwanza ameiona kwa macho yake wodini, ingawa hakuwa na jina lake: mama asiyeinuka, halafu siku moja, bila mtu kumwambia neno, anaomba maji ya kuoga. Kuhusu sehemu ya pili, kwamba hilo limetokana na Mungu aliyeguswa, akasema anataka kulisoma likiwa limeandikwa ndipo aseme.

Hali ya kazi kwa sasa: sura tano zimekamilika kwa rasimu, pamoja na ukurasa wa Ustadh kuhusu kasb, sababu zake kuhusu kadari, na nusu ukurasa wa Mwalimu. Utangulizi unahitaji kufupishwa. Sura ya sita itakuwa ya hatua ya nne, na ndani yake suala la sala na dua, kwa kuwa hakuna maana ya kuomba kwa asiyeguswa. Naianza Jumatatu. Sista ataisoma kabla ya wengine wote, na nimemwomba aweke alama ya kalamu nyekundu kila mahali nitakapokuwa nimesema jambo ambalo yeye asingeweza kumwambia mama yule usoni.